Kuwa Nacho na Kuweza Kukipata

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mwaka 2011. Niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika: prosesa ya Core i3 kizazi cha pili, RAM ya GB 4, na kioo cha inchi 17 cha umbo la zamani, kile ambacho watoto wa siku hizi wakikiona wanadhani ni televisheni. Nimeandikia hapo habari za bajeti, za mafuriko, za kesi zilizoahirishwa hadi mashahidi wakachoka. Sikuwahi kuiuliza ina kumbukumbu ya picha kiasi gani. Mtu anayeandika maneno tu hana haja na swali hilo.

Aliyeuliza ni mdogo wangu, alipokuja kukaa kwangu Dar es Salaam akisubiri majibu ya vyuo. Alikuja na gemu kwenye flashi, na gemu likagoma kufunguka. Kikatokea kisanduku kidogo katikati ya kioo kusema kumbukumbu ya picha haitoshi. Dogo akabofya huku na kule, kisha akaniita.

"Braza, mbona inayo? Hii hapa, imeandikwa 1696."

Nikaangalia. Kweli, Windows ilikuwa imeandika mistari minne. Jumla ya kumbukumbu ya picha inayoweza kupatikana: MB 1696. Iliyotengwa: MB 64. Ya mfumo: 0. Ya kushirikiana: MB 1632.

Dogo alikuwa amesoma mstari wa kwanza. Gemu lilisoma wa pili. Wote wawili walikuwa sahihi. Ningeweza kuusahau ubishi huo, ila miezi michache baadaye uliingia kwenye familia yetu kwa sura nyingine, na safari hiyo haukuwa wa gemu.

Tuanze na mashine. Kompyuta yenye kadi ya picha ya peke yake ina kumbukumbu iliyochomelewa kwenye kadi hiyo, na hakuna programu nyingine inayoigombea. Yangu haina kadi. Sehemu inayochora picha imo ndani ya prosesa, na haikuja na kumbukumbu yake hata baiti moja. Inakula kwenye RAM ileile ambayo Windows, kivinjari na programu ya kuandikia vinakula. Sufuria ni moja.

Mashine inapowashwa, kabla Windows haijaamka, BIOS inachota kiasi kidogo cha RAM na kukiweka pembeni kwa ajili ya picha. Kwangu ni MB 64. Hizo Windows haizigusi tena, na ndiyo sababu mojawapo ukifungua taarifa za mashine unakuta imeandikwa GB 4, halafu pembeni inasema zinazotumika ni 3.89. Picha zikihitaji zaidi ya hapo, zinaomba kwenye RAM ya wote, na kazi ikiisha zinarudisha. Kwenye BIOS utaratibu huo umeandikwa kwa herufi nne: DVMT. Kwa hiyo ile 1632 si akiba iliyokaa mahali ikisubiri. Ni ukomo, kiasi cha juu kabisa ambacho picha zinaweza kuomba, kama wengine watakuwa wamenyamaza.

Mahitaji ya kawaida yenyewe ni madogo kuliko watu wanavyodhani. Kioo changu kina nukta 1280 kwa 1024, na kila nukta inachukua baiti 4. Ukizidisha unapata baiti 5,242,880, yaani MB 5 kamili. Hizo zinatosha kushika picha moja nzima ya kioo. Gemu ndilo linalotaka zaidi, maana linabeba rangi na michoro ya kuta, nyasi na nyuso za watu, na linachora upya mara nyingi kwa sekunde moja.

Kumbe RAM yangu ilikuwa inahesabiwa mara mbili. Ukiulizia RAM, mashine inajibu karibu GB 4. Ukiulizia picha, inajibu karibu GB 1.7. Asiyejua anajumlisha, anapata zaidi ya 5 na kufurahi. Hakuna 5. Kuna 4 tu, ila zimetajwa kwa watu wawili tofauti.

Dogo alianza na njia ya haki. Akaingia BIOS, akapandisha kiasi cha kutengwa kutoka 64 hadi 512, na gemu likafunguka. Lakini zile 512 sasa zilikuwa zimefungiwa chumbani, zitumike zisitumike. Asubuhi nilipokaa kuandika, na kurasa zangu kumi na tano za kivinjari zikiwa wazi, mashine ikaanza kukwama kila nikihama ukurasa. RAM iliyobaki ilikuwa kama GB 3.4, na nusu gigabaiti nzima imelala ikisubiri gemu ambalo mwenyewe dogo alikuwa bado amelala. Wahenga walisema akiba haiozi. Sawa, haiozi. Lakini asubuhi ile niliihitaji.

Nikamwambia arudishe. Akarudisha 64, kisha akatumia njia ya mjini. Kwenye rejista ya Windows, kwenye tawi la Intel, unaweza kuandika namba kwa jina la DedicatedSegmentSize. Akaandika 512 na kuwasha mashine upya. Windows ikaanza kusema kwamba iliyotengwa ni MB 512. Hakuna baiti hata moja iliyohamishwa. Kilichobadilika ni jibu tu. Gemu likauliza, likajibiwa 512, likafunguka. Na likachezeka vizuri tu, maana lilipohitaji zaidi ya zile 64 za kweli, lilipewa kutoka kwenye RAM ya wote kama kawaida.

"Umeidanganya," nikamwambia.

"Sijaidanganya, braza. Imeuliza swali baya. Ingeuliza kama itapata, ningejibu ndiyo, na ndiyo ukweli. Yenyewe inauliza kama ninazo."

Nimelifikiria jibu hilo kuliko alivyokusudia. Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha fupi akishikilia kwamba kusema uongo ni kosa hata kwa muuaji anayegonga mlango wako akimtafuta rafiki uliyemficha ndani. Wengi tukiisoma tunatamani Kant awe amekosea. Dogo hajamsoma, lakini hoja yake inagonga mlango huohuo: mlinzi akiuliza kitu ambacho sicho anachotaka kujua, anadai ukweli upi? Gemu lilitaka kujua kama litaweza kwenda. Likapima kwa kipimo cha kadi zenye kumbukumbu zake zenyewe. Wala si gemu lile peke yake. Grand Theft Auto IV, ilipotoka kwa ajili ya kompyuta mwaka 2008, ilikuwa na mstari kwenye mipangilio unaohesabu kumbukumbu ya picha na kukuzuia kupandisha ubora ukifika kikomo. Ilikuwa pia na amri unayoweza kuiandika ili kizuizi hicho kiondoke. Nadhani waliojenga mlango ule walijua kwamba kipimo chao hakimfai kila mtu, wakaacha na ufunguo.

Hata lugha yetu inampa dogo nguvu. Neno "nina" tukilifungua tunakuta "ni" na "na": niko pamoja na kitu. Wakenya wanalisema waziwazi, "niko na pesa". Kumiliki kupo, lakini hilo ni neno la hati na mahakama; mtu wa kawaida hamiliki sukari, ana sukari. Na kama kuwa na kitu ni kuwa pamoja nacho, basi kompyuta yangu ilikuwa nazo zile MB 1632 kila mara picha zilipozihitaji. Nilikubali moyoni kwamba dogo ameshinda.

Kisha majibu ya chuo yakaja. Amepata nafasi Uingereza, na ufadhili wa sehemu ya ada. Iliyobaki ilibidi aonyeshe anayo, pamoja na ya kujikimu. Kwa viza ya masomo Uingereza inamtaka mwombaji aonyeshe kwamba fedha hiyo imekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo, bila kushuka chini ya kiasi kinachotakiwa.

Wengi mnaosoma hapa mnajua kinachofuata, na wengine mmewahi kukifanya. Baba mdogo alileta pesa ya mpunga. Shangazi akaleta mgao wake wa kikoba. Mimi nikatoa milioni 6 nilizokuwa naziweka kwa ajili ya kiwanja. Tukaziingiza kwenye akaunti ya dogo, tukaanza kuhesabu siku. Sehemu ndogo ilikuwa yake kweli, ya kuondoka nayo. Iliyobaki ingerudi kwa wenyewe siku ya 29, halafu tungekuwa tunamtumia kidogokidogo kila mwezi.

Nilijua ninachofanya. Naandika habari za watu wanaopamba vitabu vya hesabu, na nimewahi kumuuliza ofisa mmoja mbele ya kinasa sauti kwa nini fedha ileile inaonekana kwenye miradi miwili. Lakini nikajipa hoja ya dogo: mlango unauliza swali baya. Wanachotaka kujua ni kama kijana huyu atalala njaa kwenye nchi yao. Hatalala njaa, ukoo upo. Ukoo hauna karatasi ya benki, basi sisi tunautafsiri kwa lugha wanayoielewa. Nusu ya hoja hiyo bado naiamini hadi leo.

Siku ya 19 Mama aliteleza bafuni, Morogoro, akavunjika nyonga. Hospitali ikataka malipo ya awali kabla ya upasuaji. Bima ilibeba sehemu, siyo yote. Shangazi akanipigia akiwa ametulia kabisa.

"Pesa si ipo, mwanangu?"

"Ipi, shangazi?"

"Si zile zako za kiwanja? Siku zote nasema, likitokea la kutokea, za kwako zipo."

Na mimi, nawaambia kweli, wakati simu inaita kabla sijapokea nilikuwa nimeshajiambia: kikoba cha shangazi kipo. Baba mdogo naye alikuwa amemwambia Mama tangu mwaka juzi asiwe na wasiwasi, akiugua mpunga upo. Mama mwenyewe akiwaambia majirani, "wanangu wanayo", alikuwa anahesabu zote tatu kwa pamoja. Na zote tatu, siku hiyo, zilikuwa kwenye akaunti ya mdogo wangu zikihesabiwa kwa mara ya nne.

Hakuna aliyemwambia dogo afanye nini. Alinipigia usiku. Kwa kawaida mimi kwake ni braza. Usiku ule alisema, "Kaka, natoa." Nikamwambia sawa.

Mama akatengenezwa. Hesabu ya siku ikavunjika, na kuianza upya kulivuka tarehe ambayo chuo kilikuwa kimeweka. Nafasi ikaenda. Mama alipokuja kujua pesa ile ilikuwa ya nini alinuna siku mbili, kisha akasema, "Mngeniacha." Hatukuwa na la kumjibu.

Tangu hapo najiuliza kosa lilikuwa wapi. Jibu jepesi ni kwamba tulitaka kuudanganya ubalozi tukaadhibiwa. Nguo ya kuazima haisitiri matako, wahenga walishasema, mwisho wa makala. Lakini silikubali jibu hilo, kwa sababu ajali haikuja kuadhibu mtu. Kama Mama asingeteleza, dogo angekuwa darasani leo, na nina hakika kabisa asingelala njaa.

Ipo pia methali kali zaidi: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hiyo nayo naiona haimalizi jambo. Kompyuta yangu imetegemea cha nduguye tangu mwaka 2011 na bado inawaka. Kutegemeana kunafanya kazi. Tena kwa watu wenye kidogo ndiyo njia pekee inayofanya kazi, maana tukitenga kila kitu mapema, mwenye shida leo anakosa hewa huku nusu gigabaiti imelala chumbani.

Nikirudi kwenye mashine naona tofauti moja niliyoipita haraka. Ndani ya kompyuta RAM ya kushirikiana ina mwenye daftari. Windows inajua kila kipande kimeshikwa na nani sasa hivi. Picha zikiomba na hakuna, zinaambiwa hakuna. Gemu linaweza kuzimika usoni pako, lakini jibu linatoka. Kwenye ukoo wetu hakuna mwenye daftari. Kila mmoja ana ukomo wake kichwani, kiasi cha juu anachoweza kuomba wengine wakinyamaza, na kila mmoja anausoma ukomo huo kama akiba. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ya kwetu ilikuwa imepotea muda mrefu kabla ya nyonga ya Mama. Ila habari zilikuwa hazijafika.

Wanawake wanaocheza upatu wanalijua hili kuliko sisi tuliosoma. Mzunguko ni wa wote, lakini kuna kijumbe, na kuna zamu. Mama Fulani hawezi kusema "ninayo" kabla ya zamu yake, na akisema wenzake watamcheka. Wanashirikiana bila kuhesabu mara mbili.

Na yule mlinzi wa mlangoni? Hapa ndipo ninapomrudia dogo na kusema hakushinda kama nilivyodhani. Hoja yake ilitosha kwa gemu, kwa kuwa alicheza usiku nikiwa nimelala. Hakuna mwingine aliyekuwa anaomba. "Itapata" na "inayo" vilikuwa kitu kimoja kwa saa zile mbili. Mlango wa viza haukuuliza saa mbili. Uliuliza siku 28, na siku 28 zinatosha kwa maisha kubisha hodi. Niliudharau kwa kuona unauliza kitu kisichohusika. Kumbe ulikuwa unauliza kitu kilekile: pesa hii itabaki kuwa yako mwingine akiihitaji? Tukajibu kwa vitendo, na jibu lilikuwa la kweli. Haitabaki.

Sisemi mlango ule una haki. Mwenye kadi yake mwenyewe anapita akipiga mluzi, na hakupita kwa sababu ni mkweli kuliko sisi. Alipita kwa sababu mama yake akivunjika nyonga pesa inatoka mfuko mwingine. Kipimo kinaweza kuwa sahihi na bado kikawachuja walewale kila mwaka. Hayo mawili yote ni kweli, na nimeacha kulazimisha moja lifute lingine.

Uongo ninaoujutia, basi, si ule tuliokusudia kuuambia ubalozi. Huo nao ulikuwa uongo, na siutetei tena kwa nguvu za mwanzo. Lakini mkubwa zaidi ni ule tulioambiana sisi kwa sisi kwa miaka, kwa upendo, bila yeyote kuuona ni uongo: "usijali, ipo." Kila aliyelisema alikuwa na nia njema, na hakukuwa na mmoja aliyeongeza, "ila na fulani naye nimemwambia hivyohivyo."

Kompyuta tumeitengeneza. Fundi alisema tuachane na mipangilio ya BIOS, tuongeze kijiti cha pili cha RAM kinacholingana na cha kwanza. Faida yake si ukubwa tu. Kijiti kimoja cha DDR3-1333 kinapitisha karibu GB 10.6 kwa sekunde, na vikiwa viwili njia zinakuwa mbili, karibu GB 21, jambo ambalo picha za kushirikiana zinalihitaji kuliko ukubwa wa namba. Ile 512 ya uongo dogo aliifuta mwenyewe, sikumwambia.

Kwa upande wa pili nilinunua daftari la shule, la kurasa 96. Nikampigia shangazi na baba mdogo, tukaandika kila mmoja anacho nini, na kimeahidiwa kwa nani. Zoezi lilichukua jioni mbili na lilileta maneno, kwa sababu ilibidi watu wazima waseme "hiyo usiihesabu". Mama ana mstari wake sasa, na hauguswi hata kwa viza.

Dogo anaomba chuo tena. Kwenye zile za kiwanja zilizobaki nimemtengea milioni 2, kwa jina lake, za kuondoka nazo na kutozirudisha. Nilipomtumia aliniuliza kwenye simu:

"Braza, hizi ni za kushirikiana?"

"Zimetengwa."

Akacheka. "Kwa hiyo ni 64."

"Ndiyo," nikamwambia. "Ni 64."